Maji ya Wageni

Mkalimani alianza kusoma kila makala kutoka mwisho. Ukimpa tableti yenye utafiti wa kurasa ishirini, kidole chake kilishuka mbio, kikapita utangulizi, kikapita majedwali, kikatua kwenye shukrani. Hapo ndipo alipovaa miwani. Alitaka kuona kama watafiti wamewashukuru waliowabebea chupa, waliowaonyesha njia na waliowafukuzia mbwa. Mara nyingi alikuta chuo kimeshukuriwa, mfadhili ameshukuriwa, na mume wa mtafiti naye ameshukuriwa kwa uvumilivu wake.

"Huyu bwana amevumilia nini?" aliniuliza siku moja. "Yeye alikuwa kwao, kwa baridi. Mimi ndio nilikuwa na bibi yake kwa jua."

Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kulitumia. Kuanzia Lodwar alikoishi mpaka Kakuma alikonikuta, watu walimwita Mkalimani, na yeye aliitikia. Alikuwa ametafsiri kwa watafiti wa nyasi, wa ngamia, wa macho, wa minyoo na wa maji. Kama kuna mtu alikuja Turkana na daftari na kofia pana, basi alipanda gari moja na Mkalimani. Sasa hayupo, na jina lake bado siwezi kulitamka, kwa hiyo nitabaki na la kazi.

Mimi ni Mkongomani niliyekulia kambini Kakuma, na kazi yangu ni kutunza chumba cha kusomea. Ni chumba cha mabati chenye mabenchi manne, sanduku la chuma lenye tableti, sola juu ya paa, na kisanduku kimoja chenye taa ya kijani. Mtandao wetu ni wa kubahatisha, lakini kisanduku hicho hakihitaji mtandao. Kimehifadhi maelfu ya makala za utafiti, zile ambazo wenyewe wameziachia wazi zisomwe na yeyote bure. Ukiwasha tableti chumbani mwangu unazipata zote. Makala mpya zilitoka Lodwar ambako mtandao una nguvu. Mkalimani alizipakua huko, akazitia kwenye memori kadi, na memori kadi akaitia kwenye kikopo chake cha tumbaku ili isipotee. Tulipoichomeka ilibidi kwanza tuifute. Nilimwambia sayansi yake inanifanya nipige chafya.

Siku ya kwanza aliingia na fimbo mkono mmoja, kiti chake kidogo cha mbao mkono wa pili, akasimama mlangoni, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-a?"

"Ejok-noi, Mzee. Karibu."

"Hapa ndio mnafungua makaratasi ya watafiti?"

Nikamwambia tunafungua zile zilizo wazi tu. Akatoa daftari la shule lililokunjwa mara mbili. Ndani yake alikuwa ameandika kila utafiti aliowahi kuufanyia kazi, mahali ulipofanyika na mtu aliyemuuliza swali la mwisho. Hili la mwisho sikulielewa, nikamuuliza. Akanieleza kwamba kila walipomaliza kupima watu mahali fulani, kulikuwa na mtu mmoja aliyesimama kando ya gari na kumuuliza yeye, si mzungu, si profesa kutoka Nairobi, yeye: jibu litarudi? Na yeye alijibu litarudi. Alijibu hivyo kila mahali, miaka yote.

"Kwetu, mtu ametoka safari, hapewi hata maji kabla hajatoa habari yote," alisema. "Sasa hawa walichukua mate ya watu, damu ya watu, wakaenda. Habari iko wapi? Watu hawaulizi profesa. Wananiuliza mimi, kwa sababu mdomo ulikuwa wangu."

Basi tukaanza kuzitafuta moja moja. Zile zilizokuwa wazi tulizipata. Nyingine tuliona kichwa cha habari na aya moja, kisha ukurasa ukatutaka kadi ya benki. Alikuwa anaitazama aya hiyo moja kwa muda mrefu. Nadhani hakuna kitu kilichomuudhi kama kusoma kwamba jibu lipo na mlango umefungwa.

Kila alipopata makala aliirudisha kwa wenyewe. Alipanda pikapu au pikipiki mpaka pale damu ilipotolewa, akakaa kwenye kile kiti chake kidogo, akasoma Kiingereza kimoyomoyo na kutoa Kiturkana kwa sauti. Jua la Turkana halikuachii uone kioo cha tableti, kwa hiyo alijifunika shuka kichwani, yeye na tableti yake ndani, na watu wakaketi kuizunguka ile shuka inayozungumza. Mara ya kwanza kuona hivyo nilicheka mpaka nikatoka nje ya duara. Mara ya pili niliona bibi mmoja amefumba macho, machozi yanamtoka, kwa sababu alikuwa anasikia habari ya macho yake mwenyewe, yaliyopimwa kabla hayajapofuka.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mchoyo wa kalamu. Makala angempa hata adui yake, lakini kalamu yake ilifungwa kwa uzi shingoni na hakumwazima mtu. Alipenda sifa. Chai yake ilikuwa sukari iliyotiwa majani. Na alinitesa kwa Kiturkana. Kiturkana changu chote ni chake. Alinifundisha mchana ule wa joto ambapo hakuna anayekuja kusoma, neno kwa neno, na nilipokosea alirudia kosa langu mbele ya wageni ili wacheke. "Sikia huyu Mkongo," aliwaambia, "anaongea kama mbuzi amekula kamba." Baada ya miaka michache niliweza kufuata ugomvi wa kina mama kwenye bomba bila kukosa hata tusi, na yeye hakuacha kunicheka.

Kulikuwa na sheria moja: usiruke mstari. Hii nitaieleza vizuri kwa sababu iliniuma.

Mama mmoja wa Sudan Kusini, jirani yangu kambini, alikuja na karatasi ya hospitali yenye jina la ugonjwa wa mwanawe. Alitaka tumtafutie utafiti. Niliupata, nikaanza kumsomea kwa Kiswahili chepesi, na nikafika kwenye mstari unaosema watoto wengi wa aina hiyo hawafiki utu uzima. Nikauruka. Nikaendelea na ule wa chini unaozungumzia chakula. Mkalimani alikuwa nyuma yangu, ananipumulia tumbaku begani.

"Rudi juu," alisema.

"Mzee, bon, acha tu."

"Rudi juu. Iko mstari umeruka. Huyu mama amekuja kusomewa, hajakuja kupakwa mafuta."

Nilirudi. Nilisoma. Yule mama alishukuru, akaikunja karatasi yake mara nne, akaenda. Nilimgeukia Mkalimani nikamwambia kwamba hana moyo, na kwamba vitu vingine mtu anaweza kuishi bila kuvijua. Akanijibu taratibu kwamba mtu anayekurukia mstari amekuamulia maisha yako, na wewe hukumtuma. Wiki mbili sikuzungumza naye. Yule mama ndiye aliyetupatanisha, aliporudi kuniomba nimsomee tena mstari uleule, safari hii mumewe akiwepo.

Katika lile daftari, ukurasa wa kwanza kabisa, aliyeuliza swali la mwisho alikuwa dada yake.

Dada yake aliishi upande wa Lorugum, kwenye maboma machache yaliyochimbiwa pampu ya mkono. Miaka mingi iliyopita walikuja watafiti kupima maji ya pampu zote za eneo hilo, na Mkalimani alikuwa ndiye mkalimani wao. Walipofunga vifaa vyao dada yake alisimama kando ya gari. "Mmebeba maji yetu," alimwambia. "Jibu litarudi?" Akamjibu litarudi, na kwamba atalileta yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Makala ya maji ilikuwa miongoni mwa zile zilizofungwa. Kila nilipokwenda Lodwar kwa kibali, maana sisi wa kambini hatutoki bila kibali, nilijaribu kuifungua, ikataa. Kisha siku moja ikafunguka. Sijui ni nani aliyeamua huko iliko. Pengine waandishi wenyewe waliomba iwe wazi. Niliipakua papo hapo na kumpigia simu Mkalimani. Alikuja mbio, mtu mzima, kandambili mkononi.

Kwa mara ya kwanza hakuanza na shukrani. Alikwenda moja kwa moja kwenye jedwali, akaitafuta pampu ya dada yake. Pampu nyingi za upande ule zilikuwa na alama ya hatari: floridi nyingi, madini yanayoharibu meno ya watoto na mifupa yao. Pampu ya dada yake ilikuwa safi kuliko zote. Aliniinua kutoka chini na kunizungusha. Nilimpigia kelele aniteremshe, lakini na mimi nilikuwa ninacheka.

Siku hizo dada yake alikuwa amebaki na mjukuu mchanga, msichana, ambaye mama yake alifariki akimzaa. Mpaka wakati huo yule bibi hakuwahi kunywesha mtoto mchanga maji ya pampu, kwa sababu yana chumvi. Watoto wote aliowalea aliwanywesha maji ya kuchimba mchangani kwenye mto mkavu, mwendo wa kutokwa jasho kwenda na kurudi, na miguu yake ilikuwa imeanza kuchoka. Mkalimani alikaa pale kwenye kiti chake, akajifunika shuka, akamsomea jibu. Pampu ni salama. Yule bibi akauliza, hata kwa huyu mdogo? Ndani ya shuka sauti ikamjibu: hata kwa huyo. Basi akaacha kwenda mtoni. Aliyachemsha yale maji ya pampu kwa bidii, kama alivyofundishwa na watu wa zahanati, akamnywesha mtoto.

Mimi ndiye niliyeipakua makala ile. Hilo huwa nalala nalo.

Mtoto alikua. Meno yalipoota yalikuwa na madoa ya kahawia. Watu walisema ni ya urithi. Alipoanza kuchunga mbuzi wadogo magoti yake yalianza kugongana, akawa anatembea kwa kuyumba, na bibi yake alisema atanyooka akikua. Mkalimani alikuwa anamletea peremende kutoka Lodwar na kumwita mke wake, kama babu wanavyofanya. Alikuwa anamtazama kila mwezi kwa miaka, akiwa na jibu kichwani kwamba maji ni safi, na jibu hilo lilimziba macho.

Halafu mchana mmoja chumbani kwangu alikuwa anapekua makala mpya alizozileta mwenyewe kwenye kikopo. Moja ilihusu watoto wa nchi nyingine kabisa, mbali, wanaokunywa maji yenye floridi. Kulikuwa na picha ya miguu ya mtoto, kuanzia kiunoni kushuka chini, uso haupo. Niliona amevua miwani. Aliifuta, akaivaa tena. Kisha akaniomba nimfungulie ile makala yetu ya zamani, kwenye jedwali.

Akalipekua safu kwa safu. Safari hii hakutazama floridi. Alitazama safu ya pembeni, ya chumvi.

"Binti yangu," alisema, "hapa inasema chumvi kidogo."

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi nimekunywa hii maji miaka yote. Sabuni haitoi povu kwa hiyo maji. Chai yake inataka sukari mara mbili." Akaiweka tableti chini, taratibu sana. "Hii si maji ya pampu yetu."

Kesho yake alikwenda Lorugum. Alimuuliza dada yake kwa kuzungukazunguka, kama mtu anayekumbushia ya zamani: siku ile ya watafiti, chupa zilijazwa na nani? Na dada yake akamjibu kwa fahari, bila kujua anajibu nini. Alizijaza yeye. Alirauka na chupa zao mpaka mto mkavu, akachimba mpaka mchanga ukatoa maji meupe. Kwani angewapa wageni wa kaka yake maji ya chumvi?

Aliporudi Kakuma alinieleza haya akiwa amesimama, hakutaka kukaa. Watafiti walimwachia pia kazi ya kujaza chupa, na kanuni yao ilikuwa kwamba anayechukua sampuli aijaze mwenyewe, moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu. Katika maboma yote mengine alifanya hivyo, aliinama akajaza kwa mikono yake. Pale tu, kwa dada yake, hakuinama, kwa sababu pale alikuwa nyumbani. Alilala hapo, asubuhi akaletewa chai, akampa dada yake chupa akamwambia ajaze. Ziliporudi zimejaa alizifunga, akaandika namba ya pampu, akatia sahihi.

"Mimi nilikaa," aliniambia. "Kote nilisimama. Pale nilikaa."

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Nilishindwa, kwa sababu lilikuwa kosa lake, na alikuwa amenifundisha mwenyewe kutoruka mstari. Nilimshika mkono tu. Ulikuwa baridi katika joto lile, na mimi nililia kwa niaba yetu sote wawili kwa sababu yeye hakulia.

Tulimwandikia mtafiti mkuu wa ule utafiti. Mkalimani alisema, mimi nikaandika. Nilipojaribu kupunguza makali ya maneno alinirudisha. Mtafiti huyo, mwanamke, alijibu baada ya siku chache. Alimkumbuka Mkalimani vizuri, akamuuliza hali ya dada yake aliyewatengenezea chai. Akatuma watu wakapime upya, safari hii kutoka kwenye pampu yenyewe. Jibu lilikuwa baya kama tulivyojua litakuwa. Pampu ikafungwa mnyororo, na bibi akaambiwa tu kwamba inatengenezwa. Mkalimani aliwaomba waliofunga wasimweleze zaidi. Jibu aliliahidi yeye, na angelileta yeye, likishaandikwa.

Kuandikwa kwenyewe kulichukua zaidi ya mwaka. Nilijifunza kwamba makala ikishachapishwa hairekebishwi kama kufuta ubao. Lazima itolewe notisi ya marekebisho, ipitiwe, ikubaliwe, na iunganishwe na ile ya kwanza ili kila anayefungua moja aione na ya pili. Mtafiti alipendekeza waseme tu kwamba sampuli moja ilikosewa. Mkalimani alikataa. Alitaka iandikwe jinsi ilivyokosewa, kwamba chupa ilijazwa na mwenyeji kutoka kisima cha mchangani kwa ajili ya kuwakirimu wageni, na kwamba mkalimani hakuwepo.

"Mahali pote huku kuna mama kama dada yangu," aliniambia. "Kesho mwingine atakuja na chupa. Lazima ajue. Asimpe mama chupa, mama atampa maji mazuri."

Aliomba kitu kimoja tu, jina la dada yake lisiwemo. Halikuwemo.

Notisi ilitoka ikiwa wazi kwa dunia nzima. Niliifungua mbele yake. Kwa mazoea kidole chake kilishuka mpaka chini, kwenye shukrani, na pale, baada ya miaka yote ile ya kuchungulia mwisho wa kila makala, likawepo jina lake kamili. Alishukuriwa kwa uaminifu wake. Alilitazama. Kisha akafunga tableti na kuomba maji ya kunywa.

Niliomba kibali cha siku tatu nikaenda naye. Pikapu ilitushusha Lorugum, tukamaliza njia kwa pikipiki mbili. Njiani hakunitania hata mara moja.

Dada yake alikuwa amekonda na macho yake hayakuwa yanaona tena. Alinigusa uso, akanisalimu, akamwambia kaka yake kwa Kiturkana kwamba binti wa kambi amenenepa. Mjukuu alikuwa amekaa karibu naye, amevaa sweta ya shule, miguu ameikunja kando. Alikuwa msichana wa miaka tisa hivi, mchangamfu, na alipotabasamu aliweka mkono mdomoni kuficha meno.

"Nimeleta jibu la maji," alisema Mkalimani.

"Si ulishalileta?"

"Nimeleta la kweli."

Yule bibi alikaa sawa. "Basi soma lote," alisema.

Jua lilikuwa kali. Akakaa kwenye kiti chake kidogo, akavuta shuka, na safari hii aliniita niingie nimshikie tableti. Tukawa vichwa viwili ndani ya giza jekundu la ile shuka, tunapumua tumbaku. Alisoma, na kidole chake kilitembea chini ya kila mstari kama kawaida yake. Alisoma kwamba pampu ilipimwa upya. Alisoma kiwango cha floridi. Alisoma kwamba maji yale hayafai kunywewa, hasa na watoto, na kwamba kuyachemsha hakusaidii. Kisha kidole kikafika kwenye ule mstari wa chupa, ule alioupigania mwaka mzima. Kikasimama. Kidole kikanyanyuka, kikavuka, kikatua chini yake, na sauti ikaendelea.

Alimaliza. Nje ya shuka nikasikia yule bibi anauliza, "Mbona karatasi ya kwanza ilisema ni mazuri?"

Mkalimani alijifunua. Nikaona uso wake kwenye mwanga na nikatamani nisingeuona.

"Nilichanganya chupa," alisema. "Ni mimi. Niliweka namba ya pampu yako kwenye chupa ya maji mengine."

"Wewe."

"Mimi."

Yule bibi alinyoosha mkono akatafuta miguu ya mjukuu wake, akaipata, akawa anampapasa magoti kwa kiganja. "Nilimnyima huyu maji ya mchangani kwa sababu yako," alisema. "Nilikuwa na nguvu bado. Ningechimba."

"Ndiyo."

"Ningechimba kila siku."

"Ninajua."

Akageuza uso upande wa pili. Kisha, bila kumgeukia, akauliza, "Na yale niliyowachotea wageni wako mtoni? Nayo mlipima?"

"Hapana," alisema Mkalimani. "Yale waliyanywa. Walisema hawajawahi kunywa maji matamu hivyo."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja. Tulipoaga hakumpa kaka yake mkono. Mjukuu ndiye aliyetusindikiza mpaka kwenye pikipiki, akiyumba, anazungumza na mimi kwa Kiswahili cha shule. Aliomba kuishika tableti. Nikampa kabla sijafikiri. Akaanza kusoma kichwa cha ile notisi kwa Kiingereza, silabi kwa silabi, na alikuwa anasoma vizuri. Mkalimani aliichukua mikononi mwake polepole, akampa peremende.

Waendesha pikipiki walikuwa bado wanajaza mafuta kutoka kwenye chupa. Tukasimama kando, yeye akiwa ameegemea fimbo.

"Huyu atajua kusoma," alisema.

"Anajua tayari, Mzee."

"Siku moja ataifungua."

Tulikuwa tumehangaika mwaka mzima ili iwe wazi kwa yeyote. Akatoa kikopo chake, akakitazama, akakirudisha mfukoni bila kukifungua.

"Umesikia vile nimesoma," alisema.

"Mzee, Kiturkana changu ni kibovu. Sikufuata vizuri."

Alinitazama, huyu mtu aliyenifundisha kila neno la lugha ile. Ndiyo mara ya mwisho kumtazama machoni.

"Ni kweli," alisema. "Sikukufundisha vizuri."